Zilipendwa na Nani? Santuri za Mbaraka Mwinshehe na Vipimo vya Umaarufu wa Wimbo wa Kiswahili



1.0 Utangulizi

Nyumbani kwa baba yangu mdogo, kando ya Kahama, si mbali na mahali ambapo baadaye palichimbwa mgodi wa Buzwagi, palikuwa na santuri moja ya Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Karatasi ya lebo ilikuwa imebanduka, na upande wa kwanza ulikuwa umekwaruzika kiasi kwamba sindano haikuweza kupita. Kwa hiyo nilikua nikiujua wimbo ule kuanzia katikati. Nilijua magitaa yake kabla sijajua mwimbaji alikuwa akilalamikia nini. Jioni moja niliusikia mzima redioni, tangu mwanzo wake, nikashangaa kuwa una maneno mengi kiasi kile.

Nimeanza na kisa hiki kidogo kwa sababu ndani yake mna swali la mhadhara huu. Mbaraka Mwinshehe alikuwa miongoni mwa waimbaji waliosikilizwa sana Tanzania na Kenya katika miaka ya 1970. Jambo hilo halina mpinzani. Lakini mwanafunzi akituuliza wimbo wake upi ulipendwa zaidi, mwaka gani, wapi na kwa muda gani, tutamjibu kwa ushahidi upi? Kwa mwimbaji wa Marekani au Uingereza wa miaka hiyo hiyo, mwanafunzi angefungua kitabu cha chati na kusoma: santuri fulani iliingia wiki fulani, ikapanda hadi nafasi ya tatu, ikatoka baada ya wiki kumi na moja. Kwa Mbaraka hakuna kitabu cha namna hiyo.

Hoja yangu ni kwamba kukosekana kwa chati hakumaanishi kwamba kipimo hakikuwapo. Vipimo vilikuwapo, na kila kimoja kilihesabu watu wake na kuwaacha wengine. Kazi ya mtafiti ni kuvitambua, na kujua kila kimoja kilimwacha nani nje.

2.0 Chati kama tendo la kuhesabu

Ni vyema kwanza tuondoe dhana kwamba chati ni kioo cha ukweli. Chati ya kwanza ya santuri nchini Uingereza ilichapishwa na gazeti la New Musical Express tarehe 14 Novemba 1952. Iliandaliwa kwa njia nyepesi sana: mtu mmoja alipiga simu katika maduka yapatayo ishirini akauliza santuri zipi zinauzwa zaidi. Nchini Marekani, jarida la Billboard lilianzisha orodha yake ya nyimbo mia moja tarehe 4 Agosti 1958, likichanganya mauzo na upigwaji wa nyimbo redioni. Kwa miongo mitatu lilitegemea taarifa za wenye maduka na watangazaji. Mwaka 1991 lilipoanza kutumia hesabu za mashine za kusoma alama za bidhaa dukani, sura ya orodha zake ilibadilika. Muziki wa country na wa rap ulipanda ghafla. Wasikilizaji hawakuwa wamebadilika usiku mmoja. Aliyebadilika ni mhesabuji.

Fundisho hilo tulishike vizuri, maana litatufaa tukirudi nyumbani. Orodha yoyote ya umaarufu ni jibu la maswali mawili: nani aliulizwa, na nani aliuliza.

3.0 Kipimo cha kwanza: santuri na soko lake

Santuri za Kiswahili ni za zamani kuliko redio zetu. Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya lebo ya His Master's Voice. Watafiti hutaja santuri 72,000 zilizouzwa kufikia mwaka 1931. Tangu mwanzo huo jambo moja lilijidhihirisha: sauti ilitoka kwetu, lakini kitabu cha mauzo kilikaa kwingine.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Mbaraka. Alizaliwa mkoani Morogoro mwaka 1944, akajiunga na Morogoro Jazz Band katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 alikwenda na bendi hiyo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa, na safari hiyo ikazaa wimbo Expo 70. Mwaka 1973 aliondoka akaunda Super Volcano. Katika vipindi vyote viwili santuri zake zilitengenezewa Nairobi, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri na makampuni ya kuzisambaza. Tanzania Bara haikuwa na kiwanda cha namna hiyo. Wimbo wa Morogoro ulikwenda Kenya ukiwa sauti, ukarudi ukiwa bidhaa.

Umbo la bidhaa hiyo liliathiri hata muundo wa wimbo. Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba dakika chache tu. Bendi zetu zilizoea kupiga wimbo kwa muda mrefu ukumbini: kwanza maneno, kisha chemko, ambapo waimbaji huachia magitaa na wachezaji wakakolea. Ufumbuzi uliopatikana ni kuukata wimbo vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande mwingine. Mpenzi wa maneno alichakaza upande wa kwanza, mpenzi wa dansi akachakaza wa pili. Kwa kuwa upande uliokwaruzika nyumbani kwa baba mdogo ulikuwa wa kwanza, naweza kusema leo, bila kutania sana, kwamba watu wa nyumba ile walikuwa wasikilizaji wa maneno. Santuri kuukuu ni hati. Mikwaruzo yake hutueleza jambo ambalo hesabu ya mauzo haiwezi kulieleza.

Soko hili lilipata pigo mwaka 1977. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi Februari, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa rasmi hadi Novemba 1983. Mbaraka mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa tarehe 12 Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34, wakati mpaka ule ungali umefungwa. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ilikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa na kanda ulioitwa Ukumbusho. Ina maana kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita leo kazi za Mbaraka ilipangwa na mhariri wa kampuni, baada ya mwimbaji kutoweka, katika nchi ambayo wakati huo haikupitika kwa urahisi kutoka kwao.

Hapa naomba tutazame Buzwagi kwa dakika moja. Mgodi huo ulianza kuzalisha mwaka 2009, na uzalishaji ulikoma mwaka 2021. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Rais ikatangaza kiasi cha dhahabu kikubwa mno kuliko kilichotajwa na kampuni, na kampuni ikakipinga. Sina nia ya kuamua ugomvi ule hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba hata dhahabu, inayopimwa kwa wakia na kwa mizani, huzua mzozo ikipimwa na mwingine, mbali na mahali ilipotoka. Seuze wimbo, ambao hauna mizani.

4.0 Kipimo cha pili: redio na kadi ya salamu

Watu waliokuwa na santuri katika vijiji vya Shinyanga walikuwa wachache. Redio zilikuwa nyingi zaidi, na zilinunuliwa msimu wa pamba. Betri zikidhoofika zilianikwa juani ili zipate nguvu ya jioni moja zaidi. Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, ilipitia majina kadhaa hadi ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Tangu hapo hadi redio za binafsi zilipoanza mwaka 1994, msikilizaji wa Bara alikuwa na kituo kimoja tu cha nchi yake.

Radio Tanzania iliziita bendi studio, ikazirekodi, na kuzihifadhi kanda zake maktaba. Nyimbo nyingi zilizopigwa hewani hazikuwahi kuwa santuri. Basi tayari tuna orodha mbili zisizolingana: ya Nairobi, yenye nyimbo zilizouzwa, na ya Dar es Salaam, yenye nyimbo zilizosikika. Mtafiti anayetegemea santuri peke yake atadhani bendi fulani ilinyamaza miaka mitatu, kumbe ilikuwa ikisikika kila juma.

Msikilizaji alijibu kwa kadi. Kadi ya salamu ina muundo wake, na wanafunzi wa isimujamii wangefanya vyema kuichunguza: jina na anwani ya mtumaji, orodha ndefu ya wapokeaji iliyopangwa kwa kufuata udugu na heshima, kisha ujumbe, ambao mara nyingi ni methali. Katika vipindi vya chaguo la wasikilizaji, wimbo ulitajwa pia. Kila kadi ilikuwa kura.

Hata hivyo, kura hiyo nayo ilikuwa na mipaka yake. Ili upige kura ilikupasa ujue kuandika Kiswahili na uwe na pesa ya stempu. Kwa mujibu wa takwimu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1967, wakashuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, baada ya kampeni ya kisomo. Mabadiliko hayo yana maana kwa mada yetu. Nyimbo za mwanzo za Morogoro Jazz zilipigwa kwa taifa ambalo wengi wake hawakuweza kuandika kadi, na nyimbo za Super Volcano zilipigwa kwa taifa ambalo wengi waliweza. Tukikuta kwamba nyimbo za miaka ya 1974 na kuendelea ndizo zinazokumbukwa zaidi, tusiharakishe kusema zilikuwa bora kuliko zilizotangulia. Huenda wapiga kura ndio walioongezeka.

Bibi yangu mzaa baba hakuandika kadi hata moja maishani mwake. Alizungumza Kisukuma, na Kiswahili chake kingi alikipata redioni. Alipokutana na shida alisema makoye, lakini redio ikiwa imewashwa na wimbo Shida unapigwa, aliitikia neno shida pamoja na mwimbaji. Mbaraka hakulileta neno hilo. Ni neno la asili ya Kiarabu lililokuwapo muda mrefu kabla yake. Alichofanya ni kulipatia mahali pa kukaa katika kinywa cha mzee ambaye hakuhudhuria darasa. Katika kadi zote za Radio Tanzania, msikilizaji huyo hayumo.

5.0 Kipimo cha tatu: umati uwanjani

Bibi huyo huyo alikuwa na kipimo chake, na kilikuwa cha zamani kuliko chati ya London. Kila mwaka baada ya mavuno, takriban Juni hadi Agosti, Wasukuma hufanya mashindano ya ngoma, yaani mbina, kati ya vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja. Watazamaji wako huru kutoka upande huu kwenda ule. Kundi linalovuta watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kila upande una ningi wake, ambaye kwa Kiswahili tungemwita manju, na nyimbo mpya hutungwa kwa ajili ya msimu. Anayekuja na nyimbo za mwaka jana peke yake ataona migongo ya watu.

Utaratibu huu una kila sifa ya chati: nyimbo mpya, ushindani, muda maalumu, na matokeo yanayoonekana na wote. Tofauti ni kwamba matokeo hayaandikwi. Yanabaki katika kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe huwa nyimbo za msimu unaofuata, washindi wakiwasuta walioshindwa.

Waliokulia katika utamaduni huo hawakushangazwa na ushindani wa bendi za dansi. Morogoro yenyewe ilikuwa na pande mbili, Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki mwaka 1965. Kila bendi nchini ilitangaza mtindo wake kwa jina: Morogoro Jazz na Likembe, Western Jazz na Saboso, NUTA Jazz na Msondo, Tabora Jazz na Segere Matata. Western Jazz ilianzishwa mwaka 1959 na Iddi Nhende, mwenyeji wa Nzega, jirani kabisa wa Kahama. Kwa mtazamo wa kileksia, jina la mtindo lilifanya kazi ambayo ng'ambo ilifanywa na namba ya chati. Lilimwezesha shabiki kusema yuko upande gani kwa neno moja.

6.0 Kipimo cha nne: neno lenyewe

Nimefika mahali ambapo mwanaisimu anajisikia yuko nyumbani. Nyimbo hizi zote leo tunaziita zilipendwa. Wenzetu wa Kenya huziita zilizopendwa. Tofauti ni ya silabi moja, lakini ina uzito wake.

Umbo la Kenya lina kirejeshi -zo-. Ni umbo ambalo sarufi ya Kiswahili sanifu ingelitarajia: nyimbo zilizopendwa, yaani zile ambazo watu walizipenda. Linataja kundi la nyimbo. Umbo la Tanzania halina kirejeshi. Lilivyo, ni sentensi kamili: zilipendwa. Nyimbo zilifikishwa mbele ya watu, na hukumu ikatolewa. Sentensi hiyo imegeuzwa kuwa nomino, na sasa tunasema bila kusita kwamba fulani anapiga zilipendwa.

Tuchambue hukumu hiyo. Kwanza, iko katika kauli ya kutendwa na mtenda hakutajwa. Zilipendwa na nani? Sarufi inaturuhusu kunyamaza, na tumenyamaza miaka hamsini. Pili, iko katika wakati uliopita. Kiambishi -li- kinadai kwamba kupenda kumekwisha, hali kila harusi na kila baa kutoka Kahama hadi Mombasa inakanusha dai hilo. Tatu, haina kadiri. Wimbo uliopendwa wiki mbili na wimbo uliopendwa miongo minne vyote viko ndani ya neno moja. Neno zilipendwa ni chati yenye nafasi moja tu, ya kwanza, na nyimbo zote zimewekwa hapo.

Nalipenda neno hili, na siombi lisahihishwe. Ninachoomba ni kwamba lisitumiwe kama kisingizio cha kutouliza.

7.0 Hitimisho: kazi iliyobaki

Baadhi ya wanafunzi wangu husema kwamba swali limekwisha kujibiwa, kwa kuwa mtandao unahesabu. Ukifungua wimbo wa Mbaraka utaona idadi ya waliousikiliza. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru kwamba kijana wa Geita anaweza kumsikia leo bila sindano wala betri. Lakini turudie fundisho la sehemu ya pili. Idadi hiyo inahesabu wenye simu na vifurushi, na inahesabu nyimbo ambazo mtu fulani aliona inafaa kuzipandisha. Nyingi zimepandishwa zaidi ya mara moja, chini ya majina tofauti, bila mwaka, bila jina la bendi, nyingine zikiwa nusu: sehemu ya kwanza peke yake au ya pili peke yake. Santuri iliyobanduka lebo sasa imeingia mtandaoni.

Kwa hiyo napendekeza kazi tatu. Ya kwanza ni kuandaa orodha kamili ya santuri za Mbaraka Mwinshehe, yenye jina la wimbo, bendi, lebo na namba iliyochongwa katika plastiki yenyewe karibu na katikati, ambayo hudumu karatasi inapobanduka. Orodha hiyo itatuwezesha kutenganisha alichokitoa akiwa hai na kilichopangwa baada yake. Ya pili ni kulinganisha orodha hiyo na kanda za Radio Tanzania, ambazo sasa ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania, ili tujue nyimbo zipi zilisikika bila kuuzwa. Kanda za sumaku huzeeka, na kuchelewa kwetu hakuwezi kufidiwa na juhudi za baadaye. Ya tatu ni kuwahoji waliokuwa vijana mwaka 1975. Wale waliozaliwa wakati Mbaraka alipozaliwa sasa wamepita miaka themanini. Tusiwaulize wimbo upi ulikuwa namba moja, maana swali hilo si lao. Tuwaulize waliusikia wapi, nani alikuwa na redio, na walihamia upande gani wa uwanja.

Baba mdogo alifariki miaka mingi iliyopita, na santuri yake ninayo. Namba iliyochongwa inasomeka vizuri kwenye mwanga wa pembeni. Nitaiweka mezani hapa baada ya mhadhara. Mwanafunzi atakayekuwa tayari kuanza na orodha ya kwanza aje ainakili.